Hati Safi Haimsafishi Mtu

Hati inayoridhisha, ambayo mtaani huitwa hati safi, ni maoni ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu jambo moja tu: kama taarifa za fedha za halmashauri zinaonyesha hali yake halisi ya kifedha bila kosa kubwa. Haisemi kwamba hakuna aliyeiba. Hata hivyo, kila ripoti inapotoka swali ni lile lile: fedha zimeliwa, halmashauri imepataje hati safi? Swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Hati hupima vitabu, haipimi mikono.

Chukua mkusanya ushuru wa soko aliyekusanya shilingi milioni 12 kwa mashine ya POS, benki akapeleka milioni 5. Mhasibu makini ataandika milioni 7 zilizobaki kuwa deni la mkusanyaji huyo. Kuanzia hapo vitabu vinasema kweli: fedha zilikusanywa, benki hazikufika, zinadaiwa. Mkaguzi hana cha kukataa. Kosa la vitabu lingetokea kama deni lingefichwa. Upotevu ulioandikwa vizuri hauchafui hati, hata kama hizo milioni 7 hazitarudi.

Au chukua zahanati iliyokwama kwenye lenta, vichaka vimeota ndani ya chumba cha kujifungulia. Vitabuni inasomeka kuwa ni mradi unaoendelea, na kila mfuko wa saruji uliolipiwa una stakabadhi yake. Hesabu ziko sawa. Paa ndilo halipo. Kama fedha zilileta thamani ni swali la ukaguzi wa ufanisi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Isitoshe, mkaguzi hapitii kila hati ya malipo. Huchukua sampuli, na hujiwekea kiwango ambacho kosa lililo chini yake halibadilishi maoni. Katika halmashauri yenye bajeti ya mabilioni, milioni chache haziitikisi hati, ingawa kijijini hizo ni dawa za miezi kadhaa. Kwa hiyo halmashauri inayotundika bango la kujipongeza kwa hati safi inajipongeza kwa sababu mhasibu wake amefanya kazi anayolipwa mshahara kuifanya.

Upande wa pili nao hupotoshwa. Hati yenye shaka haithibitishi wizi. Huenda nyaraka zimekosekana au mali haikuthaminiwa inavyotakiwa. Jinai huthibitishwa mahakamani, baada ya uchunguzi wa vyombo kama Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), ambavyo CAG huvipelekea taarifa anapoona dalili za jinai.

Habari yenyewe imo kwenye hoja za ukaguzi: fedha mbichi zilizotumika kabla ya kufika benki, manunuzi yasiyofuata taratibu, mapendekezo ya miaka ya nyuma yasiyotekelezwa. Anayeishia kwenye aina ya hati hajasoma ripoti.

Tena ripoti huchelewa kwa mujibu wa kalenda. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, na CAG hukabidhi ripoti kwa Rais kufikia 31 Machi inayofuata. Shilingi iliyotumika Julai husomwa bungeni miezi 21 baadaye, ndipo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) ianze kuwahoji wakurugenzi.

Asiyetaka kusubiri ana njia. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu: taarifa ya mapato na matumizi idaiwe hapo. Baraza la Madiwani hukaa kila robo mwaka: diwani aulizwe hoja zipi hazijafungwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu ombi: ziombwe mkataba, makadirio ya gharama na leja ya stoo. Kisha mtu aende eneo la ujenzi na leja hiyo mkononi, ahesabu mabati. Yakipungua, TAKUKURU ina ofisi wilayani.