Foleni Sawa, Mkaa Hapana

Gari langu aina ya Toyota Aqua lina injini ya petroli na mota ya umeme, wala halichomekwi popote. Nikikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kuchaji betri. Basi foleni ya Ubungo, inayomaliza mafuta ya wenzangu, mara nyingi hunikuta injini imezima. Safari ndefu ya Morogoro faida hupungua.

Majuzi taa ya hatari iliwaka. Fundi wa kwanza akataka ninunue betri mpya, kwa bei ya kuuza gari lenyewe! Wa pili akauliza: “Mzee, hapa chini ya kiti cha nyuma unaweka nini?” Mkaa, nikamwambia. Kumbe viroba vimeziba tundu la hewa ya kupoza betri, na feni imejaa vumbi. Akaisafisha kwa brashi. Sasa mkaa wetu unapanda bodaboda.