Ulimbo wa Fosfeti

Msomaji mmoja wa Rongo ameniletea swali ambalo nimeshinda nalo wiki nzima. Mama yake, ambaye figo zake zimechoka, husafishwa damu kwa mashine (dialisisi) mara mbili kwa wiki. Hata hivyo vipimo vinasema fosfeti imepanda, nyonga zinamuuma na ngozi humwasha usiku. Amekatazwa omena na kupewa vidonge vya kalsiamu kaboneti. Mwanawe anauliza: ikiwa mashine inasafisha damu, sahani ya mama ina kosa gani?

Kazi za figo tulizisoma shuleni, nitazipita. Nataka tutazame mahali fosfeti inapojificha, maana hapo ndipo mashine inaposhindwa.

Simama kando ya barabara ya Rongo kwenda Awendo wakati wa kuvuna miwa. Trekta zimejipanga kuelekea kiwanda cha sukari. Tuseme lango la kiwanda linafunguliwa kwa muda wa saa nne tu. Katika saa ya kwanza foleni inayeyuka na barabara inakuwa nyeupe. Ukipita wakati huo utaapa kwamba miwa imekwisha. Lakini miwa haikuwa barabarani, iko mashambani, huko Kamagambo na Sakwa, na vijia vya udongo vinavyotoka huko ni vyembamba. Trekta hutoka moja moja. Saa ya pili, ya tatu na ya nne, lango limeachama, ila linapokea kile kidogo tu ambacho vijia vinaruhusu. Kisha linafungwa. Trekta zilizokuwa njiani hazina habari, zinaendelea kuteremka, na kufika jioni barabara imejaa tena.

Barabara ni damu, lango ni kichujio cha mashine, na mashamba ni seli na mifupa. Katika fosforasi yote ya mwili, yaani madini yaliyomo ndani ya fosfeti, takriban asilimia 85 imo mifupani na sehemu kubwa ya iliyobaki imo ndani ya seli. Iliyo kwenye damu haifiki asilimia 1. Ndiyo maana fosfeti ya damu hushuka kwa kasi mwanzoni mwa dialisisi, husimama, kisha hupanda upya saa chache baada ya mgonjwa kufunguliwa mashine. Urea haina ujanja huo: yenyewe hutoka kwenye seli bila kukawia.

Sasa tupige hesabu. Chakula cha kawaida cha siku huwa na miligramu 1,000 hivi za fosforasi, na utumbo hufyonza kama 600. Kwa wiki ni 4,200. Kipindi kimoja cha saa nne huondoa takriban 800. Vipindi viwili, ambavyo ndivyo bima ya afya ya taifa, NHIF, ilivyokuwa ikilipia kabla ya SHA kushika nafasi yake Oktoba 2024, huondoa 1,600. Vipindi vitatu vinaondoa 2,400. Deni linabaki hata hivyo.

Deni hilo hulipwa na mifupa. Shingoni kuna tezi nne, kila moja kama punje ya mchele. Fosfeti ikizidi, na figo iliyochoka ikashindwa kuiamsha vitamini D, kalsiamu ya damu hupungua, na tezi hizo humwaga homoni inayoamuru mfupa utoe kalsiamu yake. Mfupa hutii, ukitoa na fosfeti pamoja nayo. Mwaka baada ya mwaka mifupa inadhoofika, huku kuta za mishipa ya damu zikigeuka ngumu: seli za misuli ya mishipa huanza kufanya kazi za seli za mfupa.

Ndipo vidonge vinapoingia. Wataalamu wanapolazimika kuvitaja kwa Kiswahili husema "vifunga fosfeti". Jina hilo silipendi. Kufunga kwaweza kufanyika popote, wakati wowote, na mgonjwa akilisikia atameza kidonge chake saa tatu usiku kabla ya kulala, tumbo tupu, akiamini amefuata maagizo. "Vinasa fosfeti" ni afadhali. Lakini lugha yetu ina neno zuri zaidi: ulimbo, ule utomvu wa mti unaonata, wanaoupaka watoto kwenye tawi ili kunasa ndege. Kila aliyewahi kutega anajua kwamba ulimbo hupakwa pale ndege anapotua, kabla hajatua. Kidonge hiki hakifanyi kazi kwenye damu, hunasa fosfeti tumboni, ndani ya chakula, ili itoke na choo. Kikikosa chakula hakina ndege wa kunasa.

Kuhusu sahani: omena huliwa mzima, mifupa na yote, ndiyo sababu amekatazwa. Fosfeti ya maharagwe imefungwa ndani ya mbegu na utumbo huifyonza kwa sehemu tu. Fosfeti inayotiwa viwandani kwenye soseji na soda za kola hufyonzwa karibu yote. Ningeanza kukaza hapo. Kiasi cha vidonge apange daktari, kwa kuwa kalsiamu nayo ikizidi hudhuru mishipa.

Basi, ndugu wa Rongo, mwambie mama asiweke vidonge kando ya kitanda. Viwekwe mezani, karibu na ugali. Kipindi cha dialisisi hospitalini Migori au Homa Bay kitafagia barabara. Ila trekta huanza safari yake kwenye tonge la kwanza, na hapo ndipo ulimbo unapotakiwa uwe tayari.