Kilichomo Ndani ya Tunguri

Mtu aitazamaye tunguri ya Kizaramo huvutiwa kwanza na kizibo chake: kichwa kidogo cha mti chenye shungi, mfano wa mwana hiti aliyekuwa akipewa mwali awekwapo ndani. Lakini kwa waganga wa Kisarawe na Kibaha kichwa hicho kilifunika tu. Nguvu ilikuwa katika dawa iliyofichwa kibuyuni. Mnunuzi wa sanaa, kinyume chake, hulipia kizibo.

Kuficha kitu kitakatifu ndani ya kazi ya mchongaji kwajulikana kwingineko. Sanamu ya Buddha iliyomo katika hekalu la Seiryo-ji, Kyoto, ilichongwa China mwaka 985. Ilipofunguliwa mwaka 1954, ndani yake mlikutwa moyo, mapafu na matumbo yaliyoshonwa kwa hariri!

Siku hizi si lazima kufungua. Eksirei hupenya kibuyu na mti kwa urahisi, bali huzuiwa na madini; kwa hiyo msumari huonekana wazi, na unga wa mizizi huacha kivuli hafifu. Kivuli hicho hakitaji mti ulikotoka mzizi, wala maradhi yaliyokusudiwa. Hayo huyajua mganga. Na kibuyu kikisha kuoshwa ili kiuzwe, hata eksirei haina la kuonyesha.