Mgeni Awe Jirani: Makazi ya Waafghani Uingereza na Funzo la Madina

SIFA zote njema ni za Allah (S.W), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ambaye naye aliuhama mji aliozaliwa akapokewa na watu wa Madina.

Ndugu Waislamu, Agosti 15, 2021 mji wa Kabul uliingia mikononi mwa Taliban. Kabla mwezi ule haujaisha, ndege za jeshi la Uingereza zilikuwa zimewatoa watu wapatao 15,000, wengi wao Waafghani, wakiwamo wakalimani waliofanya kazi na majeshi ya nchi hiyo. Walipofika, swali la kwanza lilikuwa: watalala wapi? Leo tutaangalia namna serikali ya Uingereza ilivyolijibu swali hilo, kwa kuwa jibu lake lina funzo kwa kila nyumba ya Muislamu.

Uadilifu unatutaka tuanze na lililo jema. Serikali iliwaweka wageni wale hotelini kwa gharama zake, ikawapa haki ya kuishi na kufanya kazi nchini humo. Aidha, iliahidi halmashauri za miji na wilaya paundi 20,520 kwa kila mtu zitakayempatia makazi ya kudumu, zilipwe kwa muda wa miaka mitatu. Misikiti, makanisa na watu wa kawaida walikusanya nguo, viatu na vifaa vya watoto. Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa kuwashukuru watu ni katika kumshukuru Mola, basi wema huo nao ustahiki shukrani.

Lakini hoteli si nyumba. Familia kubwa hugawanywa katika vyumba viwili au vitatu. Mama hana jiko la kuwapikia wanawe, na baba hajui kama shule aliyomwandikisha mtoto leo ndiyo atakayosoma mwakani. Allah (S.W), katika Suratun-Nahl aya ya 80, ameitaja nyumba kuwa miongoni mwa neema zake, akaifanya kuwa mahali pa utulivu. Utulivu huo hauji kwa paa peke yake.

Hata hivyo, kuzipata nyumba za kudumu kulikuwa kugumu. Nyumba za halmashauri zilikuwa chache, na nyingi ni ndogo kwa familia yenye watoto watano au sita. Wenye nyumba za kupangisha walitaka uthibitisho wa kipato na mdhamini. Nayo misaada ya serikali kwa familia isiyo na kazi ina kikomo: nje ya London, tangu Aprili 2023, ni paundi 22,020 kwa mwaka, hata watoto wawe wengi kiasi gani.

Matokeo yake, kufikia Machi 2023, watu wapatao 8,000 walikuwa bado hotelini, karibu nusu yao watoto, na zaidi ya nusu ya wote wamekaa humo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Serikali yenyewe ilitaja gharama ya paundi milioni moja kwa siku. Ndipo ilipotangaza kuwa hoteli hizo zitafungwa. Kuanzia mwishoni mwa Aprili mwaka huo familia zilianza kupewa notisi ya miezi mitatu, na zikatengwa paundi milioni 35 za kuzisaidia kuhama. Wengi walipata nyumba. Wengine walitoka hotelini wakaandikishwa na halmashauri kuwa watu wasio na makazi, wakaingizwa tena katika makazi ya muda.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini tuizingatie hekima hiyo, kwani anayempa mgeni jembe humwonyesha na shamba. Kumweka mtu katika hali ya ugeni kwa miaka miwili, kisha kumtaka ajitegemee kwa miezi mitatu, ni kumpa jembe pasipo kumwonyesha pa kulima.

Tuitazame Madina. Mtume (S.A.W) mwenyewe alikaa nyumbani kwa Abu Ayyub al-Ansari, takriban miezi saba kwa kauli ya wapokezi wa sira, mpaka msikiti na vyumba vyake vilipokamilika. Masahaba wasio na makwao walilala katika Suffa, baraza la msikiti. Kwa hiyo makazi ya muda yalikuwapo. Lakini pamoja nayo Mtume (S.A.W) aliunga udugu, kila Muhajir na Ansari wake. Saad bin Rabii alipomtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake, Abdurrahman alimwombea dua, kisha akaomba aonyeshwe soko. Hakuwa mgeni tena. Alikuwa na ndugu anayemjua, na njia ya kujipatia riziki.

Ndugu zetu, mipango ya Uingereza ya kuwapokea Waafghani ilifungwa kwa waombaji wapya Julai 1, 2025. Waliokwisha kufika bado wanahitaji majirani. Nasi huku tusidhani kuwa habari hii ni ya mbali. Mtaani kwetu kuna mjane aliyehamia juzi, na kijana mgeni anayetafuta chumba na hakuna anayemjua. Sahani ya futari ni sadaka njema, lakini tusiishie hapo. Tumpeleke kwa mwenye nyumba, tumdhamini kwa uaminifu, tumwonyeshe soko na madrasa ya wanawe. Katika Suratul-Hashri aya ya 9, Allah (S.W) amewasifu waliowapenda waliohamia kwao na kuwatanguliza ilhali wao wenyewe wana haja. Tujiulize, katika sifa hizo, sisi tuna fungu gani?

Wabillahi tawfiq.