Je, Wajua? Filamu ya 1901 bado inauzwa

Ukiibua kamera ya Kodak Duaflex kwenye sanduku la babu huko Chwele au Kitale, usiitupe. Ni kweli kwamba filamu yake, namba 620, Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1995. Lakini filamu ya 120, iliyoletwa 1901 kwa kamera ya Brownie Na. 2, ina upana uleule, kama milimita 61, na Kodak na Ilford wangali wanaiuza. Tofauti iko kwenye spuli: ya 620 ni nyembamba zaidi. Basi ingia chumba chenye giza totoro, uihamishie filamu ya 120 kwenye spuli kuukuu ya 620. Utahitaji spuli mbili, moja ya kubeba filamu na nyingine ya kuipokea, na hizo ndizo spea za kutafuta kwanza (wengi huzitupa wakidhani ni takataka). Utapata picha 12 za mraba.

Kamera za kukunja huugua kwingine: mvukuto wa ngozi. Washa tochi ndani yake gizani. Kila nukta inayong'aa ni tundu. Fundi viatu mwenye ngozi laini na gundi nzuri anaweza kuliziba.