Hati katika Masomo ya Juu ya Lugha za Kituruki
Atakaye shahada ya juu katika lugha za jamii ya Kituruki hana budi kuzijua hati zake kwanza. Maandishi ya Orkhon, yaliyochongwa katika mawe huko Mongolia katika karne ya 8, yalifumbuliwa na Vilhelm Thomsen mwaka 1893. Uturuki iliacha herufi za Kiarabu ikashika za Kirumi mwaka 1928. Azerbaijan ilibadili hati mara 3 katika karne ya 20. Basi asomaye Kirumi tu, ajapokuwa mzawa wa lugha, hawezi kuyasoma maandishi ya babu zake kama walivyoyaacha. Nasi ambao tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, jambo hili latuhusu pia.