Macho Maangavu, Neva Inakufa

Mwaka 1988 madaktari wa macho wa Dar es Salaam walianza kupokea vijana wenye lalamiko la aina moja. Ndani ya wiki chache macho yao yote mawili yalikuwa yamefifia, bila maumivu wala wekundu. Pembeni wanaona, katikati pana kiwingu: wakikutazama usoni, masikio yako wanayaona, pua hawaioni. Wengine walisema pia nyayo zinawaka moto au zimekufa ganzi. Miwani haikuwafaa kitu.

Ugonjwa ulikuwa nyuma ya jicho, kwenye neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Daktari akimulika ndani huona kichwa cha neva hiyo, ambacho kwa mzima kina rangi ya waridi, kimepauka upande wa kuelekea sikioni. Watafiti walishuku upungufu wa vitamini za kundi B. Kule Kuba, wakati wa uhaba wa chakula kati ya 1991 na 1993, maradhi yanayofanana na haya yaliwapata watu zaidi ya 50,000. Serikali ikagawa vitamini nchi nzima, na wengi wakapata nafuu. Vijana wa Dar wengi hawakubahatika hivyo, kwani neva ya jicho ikishakufa haioti tena.

Nayaandika haya kwa sababu huku kwetu Mombasa, mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, jicho likififia mtu hukimbilia miwani ya kuchagua barabarani, au husema ni mtoto wa jicho, atangoja liive. Mtoto wa jicho husubiri. Neva haisubiri.

Tena kuna neva zinazoumizwa na dawa. Ethambutol, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huweza kuidhuru neva ya jicho kwa wagonjwa wachache, na mara nyingi rangi ndiyo hutangulia: leso nyekundu huonekana kama imechujuka. Anayeona hivyo asiache dawa kimyakimya. Arudi kliniki siku hiyo hiyo, abadilishiwe kabla hasara haijawa ya kudumu.

Kwa wakazi wa Likoni, Kwale Eye Centre iko Waa, njia ya Diani. Mzazi, kijana wako akikwambia haoni katikati, usimnunulie miwani. Mpeleke wiki hii akamulikwe neva, na umtajie daktari kila dawa anayokunywa na chakula anachokula.